Vidole Viwili vya Ziada

Ghorofa ya tano, Liupanshui, nyuma ya kiwanda cha saruji,
mama yangu huchora visanduku.
Kisanduku kwa ng'ombe. Kisanduku kwa baiskeli.
Kisanduku kwa mtu aliyekatwa nusu na nguzo ya taa:
"Chora na nusu usiyoiona," yasema maelekezo,
naye hukisia palipo mguu, akachora.
Picha elfu mbili kwa siku. Macho hayana pazia,
lakini ya Pan Xiuyun yana dawa ya matone, saa nne na saa kumi.

Mimi niko Hefei, katika chumba chenye baridi ya jokofu,
nailisha mashine visanduku vya watu kama yeye.
Tabaka la kwanza hujua ukingo tu: hapa mwanga, hapa giza.
La pili hupapasa kona. La saba hushuku kwato.
Mwisho kabisa, kitu kisicho na mdomo hutamka:
ng'ombe, tisini na tatu kwa mia.
Kikikosea, kosa hurudi kinyumenyume,
hubisha hodi tabaka kwa tabaka na kuuliza:
na wewe, ulichangia kiasi gani?
Hakuna anayekana. Kila uzito hulipa sumni yake.
Laiti tume iliyouchunguza mgodi ingalikuwa na adabu hiyo.

Mwaka huu tunaifundisha kuota.
Unaipa chengachenga, kama televisheni iliyopoteza stesheni,
unaiambia: humu mna mtu, mtoe.
Nayo hupepeta. Hatua hamsini.
Pumba zinaruka, uso unabaki kwenye ungo.
Kazi ngumu ni fremu inayofuata,
kukumbuka kwamba shati lilikuwa la buluu
na kwamba aliyeketi hakuwa amesimama.

Usiku wa Qingming, wenzangu wamekwenda kufagia makaburi,
niliipa sekunde kumi na moja za baba.
Harusi ya jirani: Wu Decai ameshika bakuli kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ameuficha mgongoni, kama alivyozoea mbele ya kamera.
Niliomba dakika nzima.

Ikanipa.
Baba anaweka bakuli chini. Mvuke unapanda, unapinda
palepale upepo wa mlangoni ungeupinda.
Anageuka. Anacheka, na lile jino limekaa upande.
Kisha anautoa mkono wa kushoto mgongoni
na kunipungia.
Vidole vitano.

Sikuhesabu. Nilikuwa nalia, na anayelia hahesabu.
Nilimtumia mama.
Alama ikaonyesha ameiona. Dakika kumi. Nusu saa.
Nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Jibu lilikuja kama picha.
Alikuwa ameisimamisha video kwenye fremu moja
na kuifungua kwa programu ya kazini;
visanduku viwili vyekundu, pembe zimekaa sawasawa:
kidole cha pete, kidole cha mwisho.
Pa kuandika lebo, ambapo orodha haina neno,
alikuwa ameandika mwenyewe:
*hivi viko chini, shimo namba tatu.*

Mashine haikudanganya. Imeona mikono milioni nyingi
na kumpa baba wastani wake,
kama karani mkarimu asiyemjua mtu.
Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Vitatu nimeviona: vilivunja chawa, vilimenya viazi,
vilinifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule,
fundo la ajabu ambalo sijaweza kulifunga tena
kwa vyangu vyote kumi.

Asubuhi mama alipiga simu.
Hakuitaja video. Aliuliza kama malipo ya mwezi yatachelewa,
kama ninakula.
Halafu, sauti ya kipanya ikiendelea kubofya kando yake,
akaniuliza swali la kazi:
"Ile nusu isiyoonekana,
huwa tunaichora mpaka wapi?"